Karanga ya mapambo inapodhoofu: dalili, chanzo na cha kufanya

Karanga ya mapambo, yaani Arachis pintoi, ni mmea mzuri sana wa kufunika ardhi ya nyumbani. Inatambaa chini, inavumilia kivuli chepesi cha mwembe, haidai kukatwa kila wiki kama ukoka, na ikipata unyevu inabaki kijani mwaka mzima huku ikitoa maua ya manjano. Asili yake ni Brazili. Ni ndugu wa karanga tunazokaanga, na kama ndugu yake hujitengenezea nitrojeni, kirutubisho cha majani, kwa msaada wa bakteria wanaoishi mizizini.

Ila malalamiko ya waliopanda yanajirudia: imekuwa manjano, imepauka, haisambai, imeoza katikati. Na karibu kila mara mwenye nyumba huanzia duka la pembejeo, akarudi na chupa ya dawa ya ukungu aliyochaguliwa na muuzaji ambaye hajaiona bustani. Naomba uanzie kwingine. Chukua jembe dogo, kata kipande cha udongo chenye upana wa kiganja pamoja na mizizi yake, ukitazame mchana kwenye mwanga. Vyanzo vingi vya matatizo ya mmea huu viko kwenye sentimita 15 za juu za udongo, na hakuna dawa ya chupa inayovitibu.

Kabla ya yote: ndiyo yenyewe?

Vitalu vya barabarani huuza mimea miwili inayotambaa yenye maua ya manjano, na wakati mwingine yote huuzwa kwa jina moja. Tazama jani. La karanga ya mapambo limegawanyika vijani vinne, jozi mbili, na jioni hujikunja. Ua lake lina umbo la ua la kunde. Mmea wa pili ni wedelia, Sphagneticola trilobata: majani yake ni mazima, yana meno pembeni, yanakaa mawili mawili yakitazamana, na ua lake ni la jamii ya alizeti.

Kama ulichopanda ni wedelia, usihangaike kuistawisha. Imo kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, na kila kipande cha shina kinachoangukia udongo wenye unyevu huchipua. Ing'oe, ianike juu ya sakafu ya saruji mpaka ikauke kabisa, na tafadhali usiitupe mtaroni wala bondeni.

Majani yanageuka manjano

Usitibu chochote kabla hujajua ni majani gani yalianza. Yakianza ya chini, yaliyozeeka, hilo ni tatizo moja. Yakianza machanga ya kwenye ncha, ni jingine. Yakiwa yote kwa pamoja na udongo unanuka tope, ni jingine tena.

Chanzo kinachoongoza ni maji yaliyozidi. Mtunza bustani ameambiwa amwagilie kila siku, naye anatii hata wakati wa masika. Mmea huu unapenda unyevu, lakini mizizi yake inahitaji hewa pia. Chomeka kidole mpaka kifundo cha pili: udongo ukikushikia kidole na kuacha tope, acha kumwagilia mpaka sentimita chache za juu zikauke. Kisha pima kama maji yanapenya. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakishakauka lijaze tena. Maji ya mara ya pili yakikutwa bado yamesimama kesho yake asubuhi, tatizo ni udongo, na kupunguza kumwagilia peke yake hakutoshi. Udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa sehemu nyingi za Nairobi, hudai kuinuliwa tuta la sentimita 15 hadi 20 kwa mboji na mchanga mkavu wa mto, au kuchimbiwa mfereji wa kutolea maji.

Hapa kuna onyo. Kama sehemu moja tu ina tope muda wote, hata kiangazi, na inanuka, usichimbe. Huenda chemba ya choo imepasuka au bomba linavuja chini. Mwite fundi bomba, na zuia watoto wasicheze hapo. Na kama maji yanasimama kwenye msingi wa nyumba, hilo ni jambo la fundi ujenzi kabla halijawa jambo la bustani.

Maji yakiwa sawa na majani ya zamani ndiyo yanayopauka, hamia kwenye mizizi. Suuza kile kipande ulichokata kwenye ndoo ya maji, polepole, usikwangue. Utaona vinundu vidogo vya mviringo vimekaa ubavuni mwa mizizi. Pasua kimoja kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu ndani, kinafanya kazi na mmea unapata nitrojeni. Kikiwa cheupe, hakijaanza kazi. Kikiwa kijani au kahawia, kimechoka. Usikosee hapa: kinundu hubanduka kwa ukucha, lakini uvimbe wa minyoo fundo, minyoo wadogo wa udongoni wanaoshambulia mizizi, ni mzizi wenyewe ulionenepa na haubanduki.

Mizizi isiyo na vinundu huonekana zaidi kwenye udongo wa kifusi, ambao mwenye nyumba aliuleta kwa lori kujazia kiwanja. Bakteria hawamo. Dawa yake ni rahisi na haina gharama: chukua ndoo ya udongo kutoka chini ya karanga ya mapambo iliyostawi kwa jirani, changanya na mboji iliyoiva, itandaze jioni kati ya mimea, mwagilia. Ukipata miche yenye mizizi na udongo wake badala ya vipande vitupu, umepata na bakteria. Usitumie mbolea ya urea. Nitrojeni ya mbolea ya dukani huufanya mmea uache kutengeneza vinundu, na ukishauzoesha utakuwa unanunua mbolea kila msimu. Fosforasi ndiyo inayoweza kusaidia kama udongo ni dhaifu.

Majani machanga yakiwa manjano huku mishipa yake imebaki kijani, mmea haupati madini ya chuma. Mara nyingi chuma kimo ardhini, ila udongo wenye chokaa nyingi umekifunga. Kwenye ardhi ya matumbawe ya Mombasa, Tanga na Unguja ni jambo la kutarajia. Bara hutokea kwenye mstari mmoja tu kando ya ukuta, pale mafundi walipochanganyia zege na kuoshea makarai yao. Mimina siki kidogo juu ya udongo mkavu: ukichemka mapovu, chokaa ipo. Kando ya ukuta, ondoa udongo huo kwa kina cha sentimita 20 hadi 30 na ujaze mwingine. Ni kazi ya siku moja na inamaliza tatizo. Kwenye ardhi ya matumbawe huwezi kuhamisha kiwanja kizima, kwa hiyo weka mboji nyingi kila mwaka na utumie mbolea ya chuma ya aina ya EDDHA, ambayo hubaki inafaa hata kwenye udongo wenye pH ya juu, yaani usio na asidi. Mbolea ya chuma huacha madoa ya kutu kwenye pevingi na vigae, kwa hiyo suuza mara moja ikimwagika.

Umeyapima yote haya na bado ni manjano? Basi acha kubahatisha na upeleke udongo maabara. Tanzania wapo TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kituo cha Mlingano, Tanga, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Kenya wapo KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, Kabete. Chukua udongo wa sehemu kadhaa za bustani, uchanganye, kisha peleka kiasi kidogo cha mchanganyiko huo.

Majani yamepauka kana kwamba yamemwagiwa majivu

Hii ni dalili ya kiangazi, na inaanzia upande wa barabara ya vumbi au kwenye ukuta unaorudisha joto. Chanzo karibu daima ni utitiri. Chukua karatasi nyeupe, ishike chini ya shina, gonga majani mara mbili tatu, kisha subiri kidogo. Vijidoa vilivyoanguka vikianza kutembea, umewapata. Vibonyeze kwa kidole, vitaacha mstari wa kahawia au mwekundu. Ukigeuza jani utaona utando mwembamba upande wa chini.

Anza na maji. Kwa mpira wenye presha, piga majani kutokea chini kwenda juu asubuhi mapema, siku chache mfululizo, mpaka vumbi lote litoke. Utitiri hupenda ukavu na vumbi, na maji peke yake humaliza shambulio dogo. Likiwa kubwa, kata mmea ubaki na kimo cha sentimita 5, kusanya majani yote kwenye mfuko, mwagilia vizuri, na usubiri uchipue upya. Unachipua vizuri, usiogope.

Usipulizie dawa ya wadudu ya kawaida ya jamii ya pairethroidi. Inaua wadudu rafiki wanaokula utitiri, kisha utitiri unaongezeka kuliko mwanzo. Hili ndilo jambo ninalosikitika kuliona likirudiwa, kwa sababu mtu analipa pesa ili hali iwe mbaya zaidi. Kama ni lazima dawa, tumia salfa ya kunyunyiza jioni jua likishapoa, au kiuatilifu cha utitiri kilichosajiliwa nchini kwako. Vaa glavu, barakoa na mikono mirefu, fuata kipimo cha kwenye lebo, na usichanganye dawa mbili kwa ushauri wa mtaani. Maua haya hutembelewa na nyuki siku nzima, na dawa nyingi za utitiri ni sumu kwao na kwa samaki, kwa hiyo usipulizie mmea ukiwa umechanua wala karibu na bwawa. Watoto na wanyama wakae mbali mpaka muda ulioandikwa kwenye lebo upite. Kama bustani ni kubwa au huna vifaa vya kujikinga, mwite mpulizaji aliyesomea kazi hiyo.

Haisambai, imeacha mabaka matupu

Kwanza jiulize imepandwa lini. Mmea huu huanza taratibu mno, na watu wengi hukata tamaa mwezi wa pili. Ukipandwa vipande kwa nafasi ya sentimita 20 hadi 25 na kumwagiliwa ipasavyo, mpe miezi minne hadi sita kufunga ardhi. Ukipandwa kwa nafasi ya nusu mita ili kubana matumizi, utasubiri zaidi, na katika muda huo magugu yatakuwa yameshachukua nafasi.

Magugu ndiyo chanzo kikuu cha mabaka. Hasa ndago. Ndago ikishachomoza katikati ya karanga ya mapambo huwezi kuilima bila kukata mashina yanayotambaa, na ukiivuta juu kiazi chake hubaki chini na kuchipua tena. Hakuna njia ya mkato: ardhi isafishwe kabla ya kupanda. Mwagilia eneo tupu, acha ndago ichipue, ichimbue na viazi vyake, rudia mpaka ipungue kabisa. Bustani iliyokwisha kupandwa huokolewa kwa kisu chembamba na uvumilivu, wiki baada ya wiki, udongo ukiwa umelowa.

Sababu ya pili ni kipande kilichopandwa vibaya. Kipande kizuri kina urefu wa sentimita 15 hadi 20 na vifundo visivyopungua vitatu. Viwili viingie ardhini, kimoja kibaki juu. Nimeona mafundi wanatandaza mashina juu ya udongo na kuyakanyaga kwa buti. Machache hushika, mengi hukauka. Sababu ya tatu ni udongo ulioshindiliwa na malori wakati wa ujenzi. Chomeka bisibisi ndefu siku moja baada ya mvua. Ikigoma kabla ya sentimita 10, tifua kwa uma wa bustani, changanya mboji, ujaze miche mipya. Kabla ya kutifua, uliza nyaya za taa za bustani na mabomba vimepita wapi. Nyaya zisipojulikana, mwache fundi umeme azitafute, usibahatishe kwa chuma mkononi.

Kama mabaka yanafuata njia ya watu kwenda bombani, mmea hauna kosa. Unavumilia kukanyagwa mara moja moja, hauvumilii kuwa barabara. Weka mawe ya kukanyagia.

Inaoza kwa duara wakati wa mvua

Sehemu iliyofunga vizuri kuliko zote ndiyo inayooza. Majani yanalala, yanakuwa kahawia na kuteleza, na duara linapanuka. Funua mashina chini. Ukiona nyuzi nyeupe zimetanda juu ya udongo na vipunje vidogo vya kahawia vyenye ukubwa wa mbegu ya haradali, huo ni ukungu wa Sclerotium rolfsii, adui wa zamani wa mashamba ya karanga. Usipoona vipunje, yaelekea ni uozo wa kawaida wa tabaka nene lisilopitisha hewa.

Kwa vyote viwili anza hivi: siku isiyo na mvua, kata eneo lote ubaki na sentimita 5 hadi 8, kusanya masalia yote yaliyokatwa, punguza matawi ya mti ulio juu ili jua lifike. Mwagilia asubuhi tu. Palipo na vipunje, ng'oa mimea hadi kiganja kimoja nje ya duara, toa na udongo wa juu, vifunge kwenye mfuko. Usivipeleke kwenye shimo la mboji, na uoshe jembe kabla hujaligusisha sehemu nyingine, kwani vipunje hivyo huishi ardhini miaka. Duara likiendelea kupanuka baada ya hapo, chukua sampuli mbichi umwonyeshe afisa ugani. Usikubali kuuziwa dawa kwa maelezo ya mdomo.

Kingo za majani zinaungua

Kwa nyumba za pwani zinazotumia kisima, fikiria chumvi. Angalia kama udongo mkavu una ukoko mweupe juu, na kama hali huwa nafuu masika. Karanga ya kawaida huanza kuathirika chumvi ya maji ya umwagiliaji inapopita dS/m 2 hivi (dS/m ni kipimo cha wingi wa chumvi), na hii ya mapambo nayo si mmea wa chumvi. Muuzaji wa vifaa vya visima anaweza kukupimia. Ikiwa chumvi ni ya wastani, mwagilia kwa nadra lakini maji mengi, yazame yaisukume chumvi chini, na uvune maji ya mvua kadiri uwezavyo. Ikiwa ni kali, sitakudanganya: badilisha mmea. Paspalum vaginatum, ukoka wa ufukweni, huvumilia maji ambayo yataua karanga.

Haitoi maua, au inasimama badala ya kutambaa

Mara nyingi ni kivuli. Kwenye kivuli kizito mashina hurefuka kutafuta mwanga na maua hupungua. Pogoa mti, kata mmea uwe mfupi. Sababu nyingine ni mbolea ya nitrojeni au kukatwa chini mno kila wiki. Basi.

Imekauka msimu fulani

Sifa ya kijani mwaka mzima ina masharti. Mmea unataka mvua ya milimita 1,000 hivi kwa mwaka au zaidi. Dodoma hupata chini ya milimita 700, na kiangazi kirefu juu yake, kwa hiyo bila kumwagilia utapukutisha majani. Kwaruza shina: likiwa kijani ndani, litaamka mvua ikinyesha. Nyanda za baridi kama Njombe, jalidi ya Juni hadi Agosti huunguza majani. Usikate wakati huo, kwa sababu majani yaliyoungua yanakinga vichipukizi vilivyo chini. Kata baridi ikishapita.

Mashimo na udongo uliofukuliwa

Mmea huu huzika mbegu zake ardhini kama karanga, na panya wanazijua. Kuku pia. Kwenye nyanda za juu, rundo la udongo mpya bila tundu la wazi ni kazi ya fuko. Kata mmea uwe mfupi, ondoa marundo ya mbao na matofali karibu, funika mapipa ya taka, tumia mitego. Sumu ya panya huishia kwa paka na bundi, na mtoto anayecheza bustanini haijui.

Palipo na panya, nyoka hufuata. Acha ukanda mtupu au wa pevingi wa nusu mita kati ya mmea na ukuta wa nyumba, na usiingize mkono palipofunga sana bila kupiga kwanza kwa fimbo. Ukiona nyoka, rudi nyuma, mweke mtu amtazame kwa mbali, na umwite anayejua kumkamata.

Ukingo uliopandwa unameguka

Karanga ya mapambo hukinga udongo wa juu usisombwe na mvua, na kazi hiyo inaifanya vizuri sana. Haiwezi kushikilia mlima unaoteleza. Ukiona ufa mrefu juu ya ukingo, nguzo au miti imeanza kuinama, au maji yanabubujika katikati ya mteremko, usiongeze miche wala usimwagilie. Ondoa watu kwenye vyumba vilivyo chini yake, elekeza maji ya paa mbali na hapo kama unaweza kufanya hivyo bila kupita chini ya ukingo, na mwite mhandisi siku hiyohiyo.